Bahari Iliyomwagwa Uani

Mtu aliyemwaga bahari yangu alikuwa meneja wa duka la kijiji, na mpaka leo sijamsamehe. Watu wa kanisani wamenisihi sana. Nawasikiliza, nawakaribisha uji, kisha nawaambia hapana.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ya kijiji kimoja cha ujamaa, upande wa Natta, Serengeti. Kwetu ni Tarime, lakini ualimu nilisomea Tanga, na huko ndiko nilikoanza kupenda viumbe wa baharini. Jumamosi wenzangu wakienda mjini, mimi nilichutama kwenye vidimbwi vya matumbawe maji yakiwa yamekupwa, nikitazama kaa na samaki wa rangi mpaka miguu inakufa ganzi. Nilipopangiwa Serengeti nilijiambia kwamba nitakuwa na kidimbwi changu ndani ya nyumba, hata kama watu watasema nimerukwa na akili.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka marobota ya pamba bandarini Tanga. Nilipomwambia ninachotaka alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, wenzako wananiagiza kanga. Wewe unaniagiza maji?"

"Maji ya chumvi," nikamwambia. "Na uyachote mbali na meli, yasiwe na mafuta."

Fundi wa misheni alinitengenezea fremu ya chuma. Tukaipaka lami isishike kutu, tukapachika vioo vya madirisha ya zamani. Kaka akaja na madumu ya maji, mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwenye magunia mabichi, na samaki wadogo ndani ya ndoo. Mimi kwa haraka nikaweka kila kitu siku hiyohiyo. Kabla ya wiki kwisha samaki walikuwa wanaelea matumbo juu, na nyumba inanuka kama soko la samaki lililofungwa. Ndipo nilipoelewa kwamba mawe yale yalikuwa yamejaa vijidudu vilivyokufa njiani, na kwamba maji yanahitaji muda wa kujisafisha kabla ya kupokea kiumbe hai.

Nikangoja. Harufu ikaisha. Maji yakawa meupe kama hayapo. Safari nyingine kaka akaleta samaki wachache wenye milia, kaa wadogo wanaobeba maganda ya konokono mgongoni, na kiumbe mmoja laini kama ua, aliyejibandika kwenye jiwe lake na kupepea vidole. Umeme haukuwepo, kwa hiyo hewa nilitoa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Niliujaza kwa pampu ya baiskeli, kisha nikauacha upumue polepole kupitia kimrija hadi chini ya tangi. Asubuhi naujaza, mchana nikitoka shule naujaza tena. Maji yakipungua kwa jua niliongeza maji ya mvua, maana chumvi haiondoki na mvuke. Tatizo lilikuwa kona moja ya nyuma iliyovuja kidogokidogo. Chumvi ilipenya ukuta wa udongo ikatokea nje kama unga, na mbuzi wa kijiji wakawa hawabanduki hapo.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye ng'ombe wengi, alikuwa akipita kila asubuhi.

"Mwalimu, yule anayetembea na nyumba yake ameamka?"

Nikimwambia ameamka, anavuta kigoda, anasahau hata maziwa aliyokuwa anapeleka.

Kisha chumvi ikaadimika. Kila tukienda dukani, meneja alifungua mikono na kusema gari halijafika. Watu wakala mboga chapwa, ng'ombe wakalamba hata majivu. Siku moja meneja alikuja kwangu kutazama samaki kama wengine. Akachovya kidole kwenye tangi, akalamba, akatabasamu, akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na mgambo wawili, na nyuma yao kundi la watu.

"Chumvi hii umeitoa wapi?" akauliza kwa sauti ya mkutano.

"Haya ni maji ya bahari. Yametoka Tanga."

"Mnasikia? Wananchi wanakula mboga chapwa, mwalimu analisha samaki chumvi! Huyu ndiye mlanguzi." Akamgeukia mgambo mmoja. "Mura, shika upande ule."

Nilisimama mbele ya tangi. Mgambo akaniambia kwa upole, "Mwalimu, samahani," akanisogeza kando. Wakalibeba hadi uani, wakalipindua.

Samaki waliruka kwenye tope. Kuku walifika kabla yangu. Ua langu lilikuwa limelala kwenye vumbi kama kohozi. Niliwaokota kaa nikawatia kwenye ndoo, lakini maji hayakutosha, na walikufa wote. Meneja alisimama akitazama, mikono kiunoni. Uso ule niliuweka moyoni kama mtu anavyoweka kaa la moto chini ya majivu.

Kamati ya kijiji ikaniadhibu kulima shamba la kijiji kila Jumamosi. Wazazi waliokuwa wakinisalimia kwa heshima wakaniita mlanguzi. Nililima, na kila nilipoinua jembe niliona shingo ya meneja.

Ng'ombe wa jirani walikuja kulamba uani pangu mpaka pakawa na shimo. Nilikuwa nawatazama hivyohivyo, kwa uchungu tu. Mvua zilipoanza, nikiwa naenda shambani, niliwaona ng'ombe walewale wamebanana nyuma ya nyumba ya meneja, kwenye ghala lake lenye kufuli, wanalamba ukuta. Nikakaribia. Udongo ulikuwa na unga mweupe, kama ule wa nyuma ya tangi langu. Nikagusa, nikalamba kidole. Nilitamani kupiga vigelegele.

Sikwenda kwa mwenyekiti. Angekwenda peke yake, angerudi na debe la chumvi, na maneno yangeishia hapo. Mimi nilitaka macho ya watu. Nilimwambia jirani yangu peke yake.

"Siku ya mkutano ofisa wa wilaya akija," nikasema, "pitisha ng'ombe wako pale."

"Wewe unataka nini hasa?"

"Nataka watu wote waone."

Akacheka. "Nitawapitisha wakiwa na njaa."

Siku hiyo meneja alihutubia juu ya walanguzi, na alipolitaja neno hilo alininyooshea kidole. Ng'ombe wakaja. Waliacha nyasi mbichi, wakaenda moja kwa moja ukutani. Mzee mmoja akauliza, "Wanalamba nini wale?"

Nikasimama. "Ndugu ofisa, tunaomba ghala lile lifunguliwe."

Meneja akasema ufunguo umepotea. Ofisa akaamuru kufuli livunjwe, na aliyelivunja ni mgambo yuleyule aliyepindua tangi langu. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, ya chini yamelowa. Kina mama wakapiga ukelele.

"Naomba kitu kimoja," nikasema. "Meneja aonje, halafu atuambie ni chumvi ya nani."

Ofisa akamtazama. Meneja akachovya kidole, akalamba.

"Ya kijiji," akasema.

"Na ya kwangu ilikuwa ya nani?"

"Ya... ya baharini."

"Hatukusikii huku nyuma!" watu wakapaza sauti.

Akarudia kwa sauti. Sijawahi kuonja kitu kitamu kama kile.

Chumvi iligawanywa siku ileile, naye akachukuliwa. Mke wake alikuja kwangu akilia, niseme neno kwa ofisa. Nilimpa kigoda na chai. "Dada, na wewe sina ugomvi," nikamwambia. "Na yeye ninao, na siuachi."

Meneja alirudi kijijini baada ya kufungwa, hana duka, ana jembe tu. Wakati huo kaka alikuwa ameniletea maji mengine, na tangi jipya nililiweka kwenye dirisha linalotazama njia yake ya shambani. Asubuhi moja alisimama nje.

"Mwalimu, habari za asubuhi. Naomba nitazame kidogo."

Nikashusha pazia. Nilimsikia akikohoa, kisha jembe lake likagonga jiwe, akaenda zake.