Mafuta ya Nazi kwenye Miguu ya Mkwe Wangu

Mkwe wangu, Bi Mwanamkuu, hatoki nje na miguu mikavu. Hata akienda kununua kiberiti duka la jirani, lazima akoge, ajipake mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, miguu ing'ae mpaka kwenye vidole. Ukipita mbele yake na miguu iliyopauka atakusalimia vizuri tu, kisha atakuuliza kama kwenu minazi imekufa yote. Nimeolewa nyumba hii nikiwa msichana, na katika mambo aliyonifunza, hili ndilo alilolifunza kwa ukali zaidi.

Jambo lake la pili ni pweza. Hapa kisiwani Chole wanawake wengi huenda mwambani maji yakipwa, lakini yeye anaona tundu la pweza mahali ambapo mimi naona jiwe na majani. Kwa pweza hao alimlea mume wangu Shamte na dada zake baada ya baba yao kufariki. Na nilipojifungua mwanangu Taufiki, chakula chote kikanikinai, ni mchuzi wake wa pweza ulioniinua kitandani. Mpaka leo namwombea dua kwa mchuzi ule.

Mwaka mmoja aliteleza mwambani akaumia mkono. Haikuwa ajali kubwa, lakini Shamte alipomwona mama yake amerudi amefungwa mkono kwa ushungi, aliingiwa na hofu. Mume wangu ni mtu mwema, ila akiogopa huanza kutoa amri.

"Mama, pwani basi. Kaa upumzike, sisi tupo."

Bi Mwanamkuu akanuna siku mbili tatu, halafu akakaa. Akakaa barazani, mguu wa kulia kaupandisha juu ya goti la kushoto, anasuka ukili kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Mikeka ikajaa nyumbani hadi nikawa najikwaa nayo. Alitulia kwa sababu muda ule kijiji na watu wa hifadhi ya bahari walikuwa wameufunga mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa hiyo hakuna mwanamke aliyekwenda. Lakini siku ya kufunguliwa ilikuwa inakuja, naye alikuwa anaijua kuliko sisi sote.

Hapo ndipo alipokuja Cresensia. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Kilindoni, mwenyeji wa Muleba, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alivuka kwa boti na kijana wa chuo kutoka Dar es Salaam, Deusdedit, aliyebeba kompyuta na sanduku la vibandiko vidogo. Walitueleza kwamba vibandiko vile hubandikwa mguuni, mtu anatembea, na kompyuta inachora mistari kuonyesha kila msuli unafanya kazi wakati gani na kwa nguvu gani. Walitaka kuwapima wanawake wenye umri mkubwa.

"Yaani mashine inajua kama mguu mzima au mbovu?" mkwe wangu akauliza.

"Inajua misuli inavyofanya kazi, bibi."

"Basi niandike wa kwanza, mwanangu."

Usiku ule alimwambia Shamte mbele yangu. "Mashine ikisema miguu yangu inafanya kazi, mwamba ukifunguliwa naenda. Ikisema haifanyi, sitakuuliza tena mpaka mnizike."

Shamte alikubali haraka mno, nikamkasirikia. Alikubali kwa sababu alikuwa ameona nilichokiona mimi. Siku hizo mama alikuwa akitembea ananyanyua goti la kulia juu, kama mtu anayeruka kamba, na unyayo unatua chini kwa kishindo. Sisi tulisema ni uzee. Yeye alisema ni kandambili mbaya.

Siku ya kipimo, bibi wote wa kijiji walifika kwenye jengo la chekechea wamekoga na kujipaka kama wanaokwenda arusini. Wengine walitia na hina. Deusdedit alikaa nyuma ya pazia la kanga, maana si heshima kijana wa kiume kutazama miundi ya bibi zake, na Cresensia akaanza kubandika. Kibandiko cha kwanza kikateleza mpaka kwenye kifundo. Cha pili kikamfuata mwenzake. Cha tatu Bi Mwanamkuu alikidaka kwa mkono kikiwa kinaanguka.

"Gundi yenu si nzuri," akawaambia.

"Gundi nzuri, bibi. Ni mafuta."

"Sasa mlitaka tuje na miguu mikavu?"

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, Cresensia alikuwa ameomba beseni, maji na sabuni, amepiga magoti kwenye sakafu. Mkwe wangu akavuta mguu.

"Daktari, inuka. Mtu haoshwi miguu na mwenziwe ila siku ya arusi au siku ya kufa. Arusi yangu ilishapita."

"Mimi si daktari, bibi. Na leo si siku ya kufa. Nipe mguu."

Akampa. Cresensia aliuosha taratibu, akaufuta, akapitisha spiriti, akabandika. Mkwe wangu akatembea toka ukuta mpaka ukuta kama mkaguzi wa shule, kidevu juu.

Nyuma ya pazia Deusdedit akasema, "Dada, kile cha mbele ya muundi wa kulia kimebanduka."

Hakikuwa kimebanduka. Cresensia akakitoa, akaosha tena, akabandika kipya. Mama akatembea. "Bado," akasema Deusdedit. "Vingine vyote vinachora. Hicho hakichori kitu." Akaosha mara nyingine, kwa nguvu sasa, na bibi mmoja kule nyuma akamtania mkwe wangu kwamba mafuta yake yameingia mpaka mfupani. Watu wakacheka. Cresensia hakucheka. Alikuwa ameushika ule mguu mkononi, anautazama.

"Bibi, hebu inua vidole. Kisigino kibaki chini."

Mguu wa kushoto ulifanya mara moja. Wa kulia ulibaki pale pale, unang'aa kwa maji. Nilimwona mkwe wangu anavyojitahidi, mishipa ya shingo imemsimama, na vidole havikusogea. Nilijua wakati ule kwamba yeye alikuwa anajua siku nyingi, na alikuwa amelificha jambo hili peke yake, na moyo uliniuma vibaya.

Shamte alikuwa mlangoni. "Basi, mama," akasema. "Mashine imesema."

Mkwe wangu alishusha kanga yake mpaka chini akafunika miguu.

"Mashine imesema msuli haufanyi kazi," Cresensia akasema. "Haijasema kwa nini. Bibi, mchana kutwa unakaaje?"

Alionyesha: mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, mikono inasuka ukili hewani. Cresensia akaweka kidole upande wa nje wa goti la kulia, chini kidogo, mahali mfupa unapochomoza. Akabonyeza, mkwe wangu akaruka.

"Hapa unapita mshipa wa fahamu unaoupelekea msuli ule amri. Mguu ukiupandisha hivyo, unaukalia, bibi. Kila siku, miezi yote hii. Mguu haujazeeka, umekandamizwa."

Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa anatazama sakafu. Sikuhitaji kusema neno, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

"Mguu utarudi hali yake?" mkwe wangu akauliza.

"Huenda. Sikudanganyi, huenda usirudi. Lakini tusipoacha kuukalia hautarudi kabisa."

Nampenda Cresensia kwa mengi, na kwa neno lile zaidi. Angeweza kutupa matumaini ya bure akapanda boti akaenda zake.

Kuanzia siku ile mkwe wangu alisuka ameketi kwenye kiti, miguu yote miwili chini, na mimi nikawa askari. Mguu ukianza kupanda namwita. Asubuhi na jioni nilimkanda, nikauinua unyayo kwa mikono yangu, yeye akijaribu kusaidia na hakuna kinachosaidia. Alitembezwa uani, akapanda na kushuka kizingiti. Cresensia alivuka kila alipopata nafasi, mara nyingine siku yake ya mapumziko, na hakuondoka hapa bila nazi mbili au mkeka. Wiki zikapita mguu umelala tu. Kuna jioni mkwe wangu aliniambia, "Safia, acha, mwanangu, umechoka." Nikamjibu vibaya kwamba mchuzi wa pweza niliunywa mimi si jirani, atulie. Akatulia.

Halafu, siku moja nakuna nazi jikoni, nikasikia naitwa kwa sauti ya kuungua nyumba. Nikakimbia, mbuzi ya kukunia karibu iniangushe. Alikuwa kwenye kiti, anaangalia chini.

"Tazama. Tazama kidole gumba."

Kilisogea. Kidogo tu, kama mtu anayeitika akiwa usingizini, lakini kilisogea. Tulilia wote wawili, yeye bila sauti, mimi kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Shamte alifurahi, lakini kuhusu mwamba alisema hapana. Makubaliano yalikuwa mashine, si kidole. Basi wiki ya kufungua mwamba Cresensia na Deusdedit wakarudi, na asubuhi ile nilimwona mkwe wangu anatoka chumbani, nikashika mdomo. Hakuwa amepaka mafuta. Miguu ilikuwa imepauka, myeupe kama imepita kwenye jivu, naye akaipitisha kijijini hivyo hivyo, mbele ya kila mtu, anasalimiwa na kuitika. Sijui kama mtu asiyemjua anaweza kufahamu ni kitu gani alikitoa siku ile.

Kibandiko kilishika mara moja. Alitembea. Nyuma ya pazia Deusdedit akapiga kelele, "Upo! Dada, mstari upo!" Cresensia akaenda kutazama, akarudi anajifuta macho. Akasema ni mdogo kuliko wa kushoto, lakini unakuja kwa wakati wake, kila hatua. Akamgeukia Shamte. "Aende na fimbo. Na asiende peke yake."

"Nitakwenda naye mimi," akasema mume wangu.

Mwamba ulipofunguliwa walishuka pamoja, mama mbele, mwana nyuma, na mimi nikiwa pwani nilisikia Shamte anavyogombezwa kwa kukanyaga matundu. Cresensia alifuata na viatu vyake vya Kilindoni, akavivua baada ya hatua chache. Mkwe wangu alipandisha pweza mmoja tu, mkubwa, na Shamte alimbeba pweza yule kama mtoto mchanga.

Tulipofika nyumbani, miguu ya Cresensia ilikuwa imejaa tope na chumvi, imechunwa na mawe. Mkwe wangu akaniagiza beseni. Akaketi chini, akavuta mguu wa Cresensia, naye akaurudisha nyuma haraka.

"Bibi, hapana. Wewe ni mkubwa. Hata mama yangu..."

"Nipe mguu, mwanangu," akasema Bi Mwanamkuu.

Akauosha, akaufuta kwa kanga yake, kisha akafungua chupa ya mafuta ya nazi akamimina kiganjani.

"Leo hapana mashine," akasema, na akampaka mpaka kwenye vidole.