Kaburi Alilokataa Mama

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu ziwa lilipomchukua baba. Tulikaa Dunga, hapo karibu na ufuo. Baba alikuwa mvuvi, na mama alinunua omena, dagaa wa ziwani, akaianika na kuiuza. Mwaka huo mambo yalikuwa yametunyookea. Baba alikuwa amepata mashua yake mwenyewe, na kila Jumapili mama alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa kirefu hadi sisi watoto tukaona haya. Nami niliamini kabisa kwamba Mungu anatupenda kuliko majirani.

Kisha dhoruba ikaja asubuhi moja. Mashua ilipatikana imepinduka, na wenzake baba waliokolewa, lakini yeye hakuonekana. Wanaume walimtafuta mpaka wakakata tamaa.

Mama yake baba, ambaye sisi tulimwita Dani, alikuja kutoka upande wa Sondu akiwa amebeba kitu kirefu na kizito alichokifunga kwa leso. Lilikuwa tunda la mti wa yago. Kwetu, mtu akipotelea majini, ukoo huzika yago mahali pa mwili wake, watu wakalia na kuomboleza kama kawaida. Isipofanyika hivyo, husemwa kwamba roho yake haitulii, na itarudi kuwaita watoto wake mmoja mmoja.

Dani alimweleza mama hayo kwa upole, na mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hawezi.

"Mama, nilimkabidhi kwa Mungu akiwa hai," alisema. "Nikizika hili tunda ili watoto wangu wapone, nitakuwa nimemwambia Mungu simwamini tena."

Dani aliliweka tunda sakafuni. "Wewe ulimpata akiwa mtu mzima. Mimi nilimzaa. Sasa nitamlilia wapi?"

Walikaa wakilia pamoja, na tunda likiwa kati yao sakafuni. Dani alipoondoka alilichukua, na mlangoni akasema kwa sauti ya chini kwamba anaogopa mwanawe atarudi kumchukua mmoja wetu. Hakuwa akitulaani. Alikuwa anaogopa kweli.

Mvua ndefu zilipoanza, mdogo wangu Akinyi akashikwa na homa. Alikuwa hata hajaanza shule. Mama alimkimbiza hospitali siku hiyohiyo, wakasema ni malaria, wakamtundikia maji, kisha damu. Alifariki mchana, mama akiwa anamchana nywele.

Hapo maneno yakaanza. Majirani walisema hiyo ni chira, laana ya kuvunja mila, na mama ameileta nyumbani kwa ukaidi wake. Wanawake waliokuwa wakianika omena kando yake wakahamisha nyavu zao. Baba mdogo alikuja kumwambia kwamba bado kuna nafasi ya kulizika lile yago, kwa sababu aliyebaki ni mmoja. Huyo mmoja alikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama papo hapo nikisikia.

Sikuthubutu tena kukanyaga ufuoni. Nilimwomba mama alizike. Nilimwambia sitaki kufa. Akanivuta, akanipakata ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa.

"Hata mimi naogopa," akasema. "Lakini sina Mungu mwingine."

Jumapili iliyofuata mazishi ya Akinyi tulienda kanisani. Wakati wa ushuhuda ulipofika mama akasimama kama alivyozoea. Kanisa likatulia. Alifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Akasimama hivyo kwa muda mrefu, mpaka Dani, ambaye hakuwa wa kanisa letu na alikuwa amefuatana nasi tu, akainuka akasimama kando yake.

Mimi sikufa. Hata hivyo sijawahi kusema kwamba hilo linathibitisha chochote, kwa maana malaria imeua watoto wengi ambao baba zao walizikwa vizuri. Nilipokuwa mdogo nilingoja Mungu amlipe mama kwa utiifu wake. Sikuona malipo. Ziwa halikumrudisha baba, na mama alizeeka akianika omena peke yake.

Mwaka jana, tukichambua mboga jikoni kwake, nilimuuliza kama aliwahi kujuta. Akasema katika miezi ile hakuna siku iliyopita bila yeye kutamani kulizika tunda lile, na kwamba mpaka leo kumnyima Dani kaburi la mwanawe kunamuuma.

"Na Mungu, amewahi kukueleza kwa nini?"

"Bado," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Mimi sina imani ya mama. Ningekuwa yeye, ningelizika tunda siku ileile. Lakini nimewasikia watu wengi wakimsifu Mungu mambo yakiwanyookea, na baba yangu alipokuwa hai nilimsikia mama akifanya vivyo hivyo. Ni siku ile aliposimama kanisani bila neno ndipo nilipomwona akiomba.