Korosho Zilizoanikwa Uwanjani

Ilianza Jumatatu ya kwanza ya Desemba, saa moja na nusu asubuhi, mlangoni mwa ghala la korosho pale Kitangari. Saa naikumbuka kwa sababu meneja aliitazama yake, akanitazama mimi, akasema nimechelewa. Sikuwa nimechelewa. Niliambiwa saa mbili.  Mimi maneno huwa yananijia nikishafika nyumbani, ndipo nayaandika kwenye daftari.

Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha nne, nasubiri matokeo. Mama aliniombea kibarua kwa mwanamke aliyesimamia wachambuaji wa korosho. Tulimwita Mama Mkubwa, hata waliomzidi umri. Alianza kuchambua pale ghala likiwa bado la chama cha ushirika. Sasa watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua, ghala limekodishwa na tajiri ambaye hatukumwona hata siku moja, na meneja alikuwa kijana wake kutoka mjini. Wanawake wote mle ndani, Mama Mkubwa ndiye aliyewafundisha.

Aliyekuwa mgeni alimkalisha kushoto kwake, chini, kwenye mkeka. Nilipokaa, mmoja akasema wanipe kiti, msomi akikaa chini elimu itamwagika. Wakacheka. Mama Mkubwa hakuinua macho.

"Na wewe uliyekuja na kucha kama za kunguru, nilikukalisha wapi?"

Wakacheka zaidi, yule mwenye kucha akiwa wa kwanza.

Siku ile hakunieleza lolote. Aliniwekea korosho kiganjani, akaitoa, akaniwekea nyingine, mpaka adhuhuri. Halafu akaniuliza ipi ilikuwa nzito. Nilikosea, akaanza upya. Siku zilizofuata alifundisha kwa Kimakonde, kidogo kidogo, huku mikono yake ikiendelea. Bonyeza ganda kwa ukucha wa gumba. Ukucha ukiacha alama, hiyo bado mbichi. Itikise sikioni, kiini kikigonga, imekauka. Iliyobaki na nyama ya bibo, lile tunda lake, isikae na wenzake hata usiku mmoja. Nilijua mambo haya nusunusu tangu utotoni, maana kwetu nani hana mkorosho, lakini sikuwahi kuyajua kwa mpangilio.

Mvua zilikuwa zimeanza, na magunia mengi yalikuja na unyevu. Mama Mkubwa hakuyarudisha. Mtu amesukuma baiskeli kutoka bondeni, alisema, utamwambia arudi nazo wapi? Akirudi nazo zitaoza, au atamwachia mlanguzi wa barabarani kwa bei ya kutupa. Alimwonyesha mikeka yetu ya uwanjani, mwenye korosho akazianika, sisi tukazigeuza tukipita, na zikikauka zikapimwa. Meneja siku nyingi alishinda Newala au Masasi akitafuta malori, kwa hiyo hakuona. Hakuna aliyesema ni siri. Jambo hilo alinifundisha kwa sauti ileile aliyonifundishia ukucha.

Wiki ya tatu meneja akaniita. Alisema kazi haiwezi kukaa kichwani mwa mtu mmoja, je, akiugua? Alitaka kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili, ili yeyote atakayewekwa aweze kusimamia. Mimi si nimesoma?

Jioni nilimweleza Mama Mkubwa tukirudi nyumbani.

"Yakishakuwa kwenye karatasi," alisema, "mimi nitakuwa wa nini?"

Nilidhani anatania. Nikamtazama, hakuwa anacheka. Alikuwa na wajukuu watatu ndani ya nyumba, na kazi nyingine ya mshahara pale kwetu haikuwepo. Nikasema basi naweza kumwambia meneja nimeshindwa. Akatembea kidogo.

"Andika tu. Sijawahi kumnyima mtu kazi hii, sitaanza na wewe."

Niliandika kama tulivyozoea darasani: anachosema mwalimu, chote, kwa mfuatano wake. Yalifika mambo kumi na manne. La tisa lilikuwa hili: gunia lenye unyevu lisirudishwe, mwenyewe aanike uwanjani kwetu. Sikufikiri hata kidogo. Niliogopa makosa ya Kiswahili tu, na nikapigia vichwa mstari kwa rula. Ukweli ni kwamba niliufurahia mwandiko wangu.

Nilimpa meneja Alhamisi. Ijumaa asubuhi alikuja na karatasi mkononi, akapita kwanza uwanjani. Korosho za watu watatu zilikuwa juu ya mikeka. Akaingia, akamsomea Mama Mkubwa namba tisa, akamwuliza yeye, si mimi, kama ni kweli.

"Ni kweli, baba."

Hakupiga kelele. Alisema tajiri hakukodi uwanja wa kukaushia korosho za watu. Alisema kazi iliyoandikwa ni nzuri sana, itawasaidia, na kwamba yeye Mama Mkubwa kuanzia kesho apumzike. Kisha akanigeukia, akasema kesho mimi ndiye nitakayesimama mlangoni kupokea. Wanawake waliendelea kuchambua. Na mimi niliendelea. Nilikuwa naziona korosho zikipita, hii huku, hii kule, na sikukosea hata moja.

Saa nne hivi Mama Mkubwa aliniita nje.

"Na hilo uliliandika?"

"Niliandika, Mama Mkubwa."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia njia akaonyeshwa. Akasema zile za uwanjani zigeuzwe saa sita, jua likiwa kali, wenyewe wasije wakazikuta bado zina unyevu. Akajifunga kanga vizuri. Nilitaka kusema nisamehe, nikasema shikamoo. Shikamoo ya kuagana sijui niliitoa wapi. Akaitikia marahaba, akaondoka.

Saa sita nilizigeuza. Nyumbani Mama aliniuliza kazi ilikwendaje, nikasema vizuri, nikala ugali wote. Nilingoja nilie, sikulia. Nilifungua daftari, nikaandika tarehe, basi.

Asubuhi yake, Jumamosi, nilifika kabla ya saa moja. Mikeka ilikuwa imeshaondolewa uwanjani. Meneja alikuwa amebandika karatasi yangu mlangoni, namba tisa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Mtu wa kwanza alikuwa mzee mwenye baiskeli, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamwamkia, akafungua gunia. Nilichukua korosho moja, nikabonyeza kwa ukucha, ukaacha alama. Nikachukua nyingine kutoka chini kabisa, vilevile. 

Nikamwambia ni mbichi, arudi nazo. Akaniuliza kwa Kimakonde arudi nazo wapi. Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba sijui, nikamsaidia kufunga mdomo wa gunia, nikamwita aliyefuata.