Sauti ya Pili Kwenye Wimbo wa Sita

Wanaoniuliza nilisomea wapi kunguruma vile ninapoimba hutarajia niwatajie mwalimu wa Dar es Salaam. Nilisomea kijijini kwetu Njinjo, kwa nyani. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa kwenye dungu la kulindia mazao, upande wa mtoni wa shamba letu la mahindi, na baba amekaa juu ya dungu lake upande wa msituni. Kila baada ya muda alipiga ukelele mmoja mnene, nami nililazimika kumjibu kwa ukelele wangu. Nyani walitishika, na kila mmoja wetu alijua mwenzake yuko macho na yuko salama. Nisipojibu, baba aliteremka na kuja mbio na panga. Nilisinzia mara moja tu, sikurudia.

"Itoe tumboni," alinikaripia. "Ukiitoa kooni utaharibikiwa."

Nilipokua nikahamia Kilwa Kivinje kwa shangazi, nikaanza kushona nguo. Jirani na cherehani yangu alikaa fundi simu ambaye pia aliwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Siku moja akafungulia muziki wa metali, ule wa Wazungu wa magitaa makali na mwimbaji anayenguruma, na wateja wote wakamwambia azime. Mimi mguu uliganda juu ya pedeli. Yule mtu kwenye spika alikuwa anafukuza nyani! Sikuelewa neno hata moja, lakini kazi ile niliijua. Nikamjibu palepale, gauni la watu likiwa mkononi.

"Dada," fundi simu akasema, "hebu rudia."

Yeye alikuwa na gitaa. Akamleta rafiki yake, Mmakonde aliyejifunza kupiga drams kwenye kwaya ya kanisani kwao. Tukawa bendi ya watu watatu, na Kivinje nzima ikatucheka.

Kicheko cha Kivinje hakikunisumbua. Nilichotaka ni baba asikie kwanza kutoka kwangu, kwa hiyo nikaenda Njinjo na kipande cha mazoezi kwenye simu. Alikisikiliza chote, akanirudishia simu yangu kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni kikombe.

"Hii ni sauti ya kufukuzia wanyama," alisema. "Wewe unawafukuza watu? Ukipata sauti ya watu, uje."

Misimu miwili ya mahindi sikukanyaga Njinjo. Nilimtumia salamu kwa kila aliyekwenda huko, na hakuna jibu lililorudi. Iliniuma, sitaki kudanganya. Nilitunga wimbo kuhusu madungu mawili kwenye shamba moja, nao ukawa wimbo wa sita na wa mwisho wa albamu yetu ya kwanza.

Prodyuza alitoka Dar na laptopu yake na maikrofoni nne, akatupa siku tatu. Tulipewa nyumba ya mawe ya zamani, yenye kuta nene, tukaziba madirisha kwa magodoro ya sufi. Siku ya kwanza jirani wa pili akafiwa. Nani angepiga gitaa? Tulishinda msibani, mimi jikoni na wanawake, prodyuza kwenye mkeka na wanaume, anatazama saa. Siku ya pili tulirekodi nyimbo tano, tukinyamaza kila adhana ilipoita. Tulitoka tumeloa jasho, tukicheka kama wendawazimu.

Magodoro hayakuzuia kila kitu. Majirani walisema nimepandisha shetani, na habari hiyo ilipanda gari ikaenda Njinjo upesi kuliko salamu zangu zote.

Siku ya tatu umeme ulikatika asubuhi, ukarudi baada ya sala ya alasiri, tena wa kuchezacheza. Prodyuza alikuwa na basi la alfajiri. "Mara moja tu," akasema. "Mkikosea, albamu ina nyimbo tano."

Tukaanza. Katikati ya wimbo ule drams hutulia na gitaa hubaki na uzi mmoja, kabla ya kishindo cha mwisho. Tulikuwa tumefika hapo hasa, niko na maikrofoni mdomoni, nikasikia mlangoni:

"Hodi!"

Ningeijua sauti ile hata usingizini. Prodyuza akatikisa kichwa: usijibu. Fundi simu akaendelea na uzi wake mmoja, macho yamemtoka.

"Hodi!"

Kwetu hodi ni mara tatu. Ya tatu ikikosa jibu, mgeni anageuza, na huwezi kumlaumu. Na baba akigeuza mguu leo, nilijua hatarudi. Mpiga drams, mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa ameshaweka vijiti mapajani aamkie mtu mzima.

"Hodi!"

Sikuutoka wimbo. Nilivuta pumzi mpaka chini, nikajibu kwa ukelele wa shambani: "Kariiibuuu!"

Uzi wa gitaa ukaendelea kulia. Nilihesabu: moja, mbili, tatu, nne. Kisha nyuma ya mlango baba akanijibu. Hakutumia neno lolote. Ulikuwa ukelele wake wa upande wa msituni, mnene, mzima, kama siku zile, na magodoro yakatikisika. Mpiga drams hakungoja kuambiwa. Akaziangukia drams zote kwa pamoja, nasi tukaumaliza wimbo kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi.

Baba aliingia na chupa ya asali. Alikuwa ameambiwa naumwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaniangalia juu mpaka chini. "Pale mwisho umeitoa kooni."

Nikalia mbele ya watu wote, bila aibu. Akanifungulia ile chupa, nikanywa asali hivyo hivyo, bila kijiko.

Prodyuza alisema anaweza kuifuta sauti ya mzee. Tulimkatalia watatu kwa mpigo mmoja, na ndiyo mara pekee bendi yetu ilipatana kwa haraka namna hiyo. Kwenye kava tuliandika: sauti ya pili, baba.

Albamu ikatembea. Nimeikuta inapigwa Mingoyo njia panda, kwenye kibanda cha chipsi, na muuzaji hakujua aliyesimama mbele yake ni nani. Nilinunua sahani mbili kwa furaha. Tulipoipiga kwenye uwanja hapa Kivinje, nilifika pale penye uzi mmoja, nikapiga ukelele, na uwanja mzima ukanijibu kutoka tumboni: wavuvi, bodaboda, wanafunzi, shangazi yangu na kanga yake kiunoni. Niwe mkweli, nilijiona mkubwa kuliko mlima.

Baba hakuja siku ile, mahindi yalikuwa yamebeba. Siku hizi kifua hakimruhusu kupiga kelele kutwa, kwa hiyo amefunga spika ndogo kwenye dungu langu la zamani, na albamu inalinda upande wa mtoni. Yeye anakaa upande wake na kuijibu. Wiki iliyopita alinipigia simu, yeye mwenyewe, saa nne asubuhi.

"Mwanangu," alisema, "nyani wameshaizoea hii. Toeni nyingine."