Kiwanja Namba Sitini na Moja

Mama Vifungo alikuwa mjane na fundi cherehani. Nyumba yake ya kona aliijenga chumba baada ya chumba kwa miaka ishirini na sita. Asubuhi moja alisikia vishindo uani. Mwanamume asiyemjua alikuwa anapima ukuta wake.

"Samahani mama, nilidhani hamna mtu. Nanunua hapa, kiwanja namba sitini."

"Sitini ni kwa jirani. Hapa ni sitini na moja!"

Yule bwana akamwonyesha ramani kwenye simu. Kona ilikuwa sitini.

Mama Vifungo akachukua hati yake ya kiwanja, akaenda ofisi ya ardhi. Karani alitazama kompyuta, akakunja uso.

"Mama, wakati wa kuhamishia vitabu kwenye kompyuta, namba yako na ya jirani zilibadilishana. Tutarekebisha, ila mwenzako naye lazima asaini."

Mwenzake alikuwa mtoto wa marehemu jirani yake. Alipomfuata nyumbani kwao, kijana huyo hakumkaribisha hata kiti.

"Shangazi, mimi siwezi kubishana na kompyuta. Kona ndiyo inayouzika."

"Wewe umezaliwa katika nyumba hii hii tulimosimama!"

"Karatasi haijui nilipozaliwa."

Siku ya nne alishona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, mteja akacheka: "Fundi, hili gauni ni la mtu anayetembea kinyumenyume?" Yeye hakucheka. Siku ya tano akarudi kwa karani.

"Hivyo vitabu vya zamani mlivichoma?"

Karani akaingia stoo, akatoka na kitabu na vumbi hadi kwenye nyusi. Kona: sitini na moja. "Lakini yule kijana akipinga, hiki peke yake hakitoshi. Lipatikane jiwe la mpaka, lile la zege lililofukiwa kwenye kona ya kiwanja. Namba ya jiwe imo kwenye hati yako."

Jiwe lenyewe hakuwahi kuliona. Mpimaji wa ardhi alikuja nyumbani kwake, kijana na mnunuzi wakasimama pembeni. Shimo la kwanza, udongo mtupu.

"Na likikosekana?" Mama Vifungo aliuliza.

"Mtaonana mahakamani," mpimaji akajibu.

Wakavunja sakafu ya kufulia nguo uani. Chini yake sururu ikalia juu ya jiwe la zege. Mpimaji akalimwagia maji, akalisugua, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Ilikuwa ile ile ya kwenye hati.

"Mimi simo," mnunuzi akasema, akaondoka. Kijana akasaini juu ya boneti ya gari bila kuinua macho.

Rekodi ilirekebishwa. Hata hivyo, kila baada ya miezi michache Mama Vifungo huenda ofisini kuhakikisha kwamba namba haijabadilika tena. Karani akimwona mlangoni, huanza kutafuta sitini na moja kwenye kompyuta kabla hawajasalimiana.