Vidato Viwili vya Gari la Mama

Mimi sina subira na vyuma. Chuma kikigoma, nakipiga. Ndivyo nilivyoianza kazi ile Jumamosi asubuhi nyumbani kwa mama, Mjimwema. Nilichuchumaa mbele ya ngazi ya gari-nyumba, nyundo mkononi, nikaigonga pini iliyoshikwa na kutu mpaka kichwa chake kikabonyea. Pini yenyewe haikusogea hata kidogo. Mama alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya stuli. Akaniambia nitaharibu gari la watu. Nikamjibu kwamba watu hao waliondoka mimi nikiwa darasa la tatu.

Ni kweli. Lilikuwa la wazungu wawili wazee, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka Afrika wakilala humo humo. Ndani lilikuwa na kitanda, kabati, sinki dogo la vyombo na meza ya kukunja. Injini iliwafia wakiingia Songea. Baba alikuwa makanika kwenye gereji moja kule Majengo, akahangaika nayo wiki mbili, na wao wakawa wanakula kwetu ugali na dagaa wa Nyasa bila kulalamika. Mwishowe walichoka, wakapanda basi, wakamwachia baba gari na barua ya mkono ya kumpa. Baba alilivuta kwa trekta mpaka uani, akalipandisha juu ya matofali, akaanza kuhesabu vipuri atakavyovitoa.

Hakutoa hata kimoja. Alipoenda kutafuta spana, mama aliingiza cherehani yake ndani, akakaa, akaanza kushona. Baba aliporudi alikuta mapazia tayari. Alinung'unika siku nzima, akasema gari zuri limegeuzwa duka la vitambaa, lakini mimi nilimwona anacheka peke yake nyuma ya choo. Tangu siku hiyo gari likawa la mama. Alishonea humo sare za shule, majoho ya wanakwaya, na kila mwaka magauni meupe ya komunyo ya kwanza, hayo ndiyo yaliyompatia jina.

Kuingia ndani kulikuwa na ngazi ya chuma ya vidato viwili, inayokunjwa na kusukumwa chini ya mlango. Asubuhi unaivuta, inatoka, ikifika mwisho pini ya springi inaruka na kuibana, unasikia "ta!" Jioni unaachia pini na kuisukuma ndani, kuku wasipande. Sisi watoto tuligombania kuivuta. Nikikumbuka utoto wangu, mlio ule naukumbuka kuliko sauti ya kengele ya shule.

Mama alikuwa na sheria zake. Ya kwanza, ndala unaziacha chini, unapanda peku. Ya pili, ngazi lazima idekiwe kila siku kabla mteja hajaja, masika na kiangazi. Kazi hiyo hakumwamini mtu. Mimi nilibeba ndoo, yeye akamwaga maji, akasugua kwa brashi na sabuni ya unga, akamwaga tena, mpaka ule udongo wetu mwekundu utoke wote na chuma king'ae. Majirani zetu wote walideki vizingiti vyao hivyo hivyo. Kwetu mgeni akikuta mlango una matope, habari zitamfikia padri kabla ya misa.

"Mtu anakuja kupima gauni la komunyo," alikuwa akisema, "akanyage tope?"

Akimaliza alipanda na kuanza kushona, na hapo ndipo baba alipokuja. Alikuwa anasubiri asikie cherehani inanguruma. Alichuchumaa na kipande cha fulana kuukuu, akakausha maungio ya ngazi moja baada ya jingine, akiingiza kitambaa kwa ncha ya bisibisi mpaka ndani kabisa. Kisha akatoa mfukoni bonge la nta ya nyuki, alilokuwa akiletewa na watu wa Namtumbo waliokuja kutengeneza pikipiki, akaisugua kwenye pini na bawaba. Grisi hakuitaka. Alisema grisi inakamata vumbi, na vumbi la Songea likishachanganyika na grisi linasaga chuma. Mama akichungulia, baba alijifanya anafunga kamba za viatu.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajificha.

"Maji yanaingia humu kwenye maungio," akasema. "Yanakaa. Yanaila hii ngazi kidogo kidogo."

"Si umwambie mama asimwage?"

"Mama yako? Mwambie wewe basi."

Nilicheka. Naye akacheka, akanipa kile kitambaa nijaribu, akanionyesha pa kubonyeza. Kisha akasema, bila kucheka sasa, kwamba siku akiwa hayupo mimi ndiye nitakayekausha, na mama asijue. Nikaitika haraka haraka, maana nilikuwa nawahi kuruka kamba.

Mama kwa upande wake alikuwa na kinyongo kimoja, na alikisema hadharani. Baba hakuwahi kupanda mle garini. Miaka yote ile hata siku moja hakuja kuona anashona nini. "Mume wangu anazijua injini za watu wote wa Ruvuma," aliwaambia wateja, "cherehani ya mkewe haijui." Wateja walicheka. Mama naye alicheka, ila akirudi kwenye kitambaa alishona kwa kasi kuliko kawaida.

Baba alipofariki mimi nilikuwa nimeshapangiwa kufundisha Mbinga. Nilikuja nyumbani karibu kila mwezi. Nilimkuta mama anamwaga maji kwenye ngazi kama zamani, nikapanda vidato vikiwa vimelowa, nikakaa, nikanywa chai, nikasimulia habari za wanafunzi wangu. Kitambaa cha baba kilikuwa bado kimechomekwa kwenye chasisi, chini ya mlango. Nilikiona. Wallahi nilikiona, kama rafiki yangu wa Kiislamu kazini anavyosema. Sikuinama hata mara moja. Nilijiambia ngazi ni chuma, itadumu.

Masika yaliyopita kidato cha chini kiliachia. Mama alikuwa anashuka na majoho mawili ya kwaya mikononi. Alivunjika kifundo cha mguu, akafungwa hogo la plasta, akakaa miezi na magongo. Nilipofika hospitali aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Ngazi imezeeka, mwanangu. Na mimi nimezeeka." Nilitoka nje nikalia kwa hasira. Hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka, nikamgombeza muuza maandazi kwamba maandazi yake ni ya jana.

Hogo lilipofunguliwa, daktari alisema anaweza kutembea. Akatembea, lakini hadi kibarazani tu. Cherehani ikabaki garini, wateja wakaanza kupeleka vitambaa kwingine, na mama akawa anakaa anaangalia ule mlango siku nzima. Hakula vizuri. Nilipendekeza tujenge ngazi ya saruji, imara, na pembeni chuma cha kushikilia. Alikataa katakata.

"Gari ni gari," akasema. "Ukilijengea saruji umelizika."

Tulipotaka kuitoa cherehani tumletee ndani ya nyumba, alikataa pia. Nikajua kwamba asipopanda ile ngazi, hatashona tena, na asiposhona sitakuwa naye muda mrefu. Ndipo nikaja na nyundo.

Nyundo iliposhindwa nilimpigia simu fundi wa kuchomelea wa Majengo. Alikuja na bodaboda, mashine ya kusagia chuma imefungwa nyuma. Alimwamkia mama shikamoo, akaitazama ile pini niliyoibonyeza, akanitazama mimi.

"Dada, umeipiga hii?"

"Kidogo."

"Kidogo hicho ni kikubwa."

Alimimina oili chafu kwenye maungio, akatuambia tusubiri, tukanywa chai. Kisha akaifungua ngazi nzima, boliti kwa boliti, akailaza juu ya gunia. Pini ya kidato cha chini ilikuwa imeliwa mpaka imebaki nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Alipokwangua bawaba za juu, zile ambazo maji huzifikia kwa shida, alisimama. Chini ya kutu kulikuwa na tabaka la kitu cha manjano iliyokoza. Akalinusa.

"Hii nta," akasema. "Kuna mtu alikuwa anaitunza hii ngazi. Tena vizuri. Halafu akaacha. Ni nani huyo?"

Mama alikuwa karibu, anasikiliza. Nikasema sijui. Ni uongo mdogo, nikainama kukusanya boliti.

Fundi alisafisha kila kiungo kwa brashi ya waya na msasa. Akachonga pini mpya mbili, akaweka bushi mpya za kuzungukia pini, akabadilisha springi, akachomelea kiraka pale bati la kidato lilipochanika, kisha akapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Jumapili mchana alirudi kuifunga. Alikaza boliti, akaruka juu ya vidato kwa uzito wake wote mara tatu, akaridhika. Akatuusia tusimwage maji. Kufuta tu, kwa kitambaa kikavu, na boliti zikazwe kila mwezi. Mama aliguna, ule mguno wake wa kusema nimekusikia na sitakutii.

Fundi alipoondoka, mama alisimama. Akaacha gongo kwenye kiti. Nilimfuata mikono imenyooshwa kama mtu anayemkimbiza kuku, akaniambia niishushe mikono hiyo, nitamwangusha. Akavua ndala. Akaweka mguu mzima kwenye kidato cha kwanza, akashika fremu ya mlango, akavuta ule mbovu. Akatulia pale akihema. Kisha cha pili. Kisha akawa ndani, akafunua cherehani, akaanza kufuta vumbi kwa upindo wa khanga.

Mimi nilikaa kwenye kidato cha chini, mgongo nimempa. Nilishindwa kumwangalia. Nikamwambia yote. Kwamba ni baba. Kwamba alikuwa anakausha akisikia cherehani inanguruma, anapaka nta, na aliniachia mimi kazi hiyo nikaiacha, na kwa hiyo mguu wake niliuvunja mimi.

Nilisikia ameacha kufuta vumbi. Nilidhani anatafuta maneno ya kunigombeza.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku. Isipokuwa Jumapili, ulipokuwa hushoni."

"Alikuwa hapo chini. Unapokaa wewe."

"Hapa hapa, mama."

Akakohoa. Nilimsikia anafungua droo ya cherehani na kuifunga, bila kutoa kitu.

"Yule mzee naye!" akasema. "Si angenikataza tu nisimwage maji?"

"Angekukataza, ungeacha?"

Aliwaza. Nilimsikia anawaza.

"Nisingeacha," akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.