Kiti cha Kushoto cha Gari la Enock

"Mia tano si kitu cha pekee, Enock. Mia tano ni kundi la ng'ombe," Zipora alisema huku akikiminya kiti kama anayepima mbuzi mnadani. "Halafu wameshona kwa mashine, na ngozi yenyewe nusu plastiki. Wamekupiga."

"Mama Adam, soma hapo." Enock aligonga kibati kilichobandikwa kwenye dashibodi. "Toleo la urithi. Yametengenezwa mia tano tu, dunia nzima!"

"Urithi wa nani?"

Enock akakifuta kibati kwa kidole. Na malalamiko aliyaleta mwenyewe. Alikuwa ameingia kwenye karakana ya Zipora pale Kalangalala, mjini Geita, akinung'unika kwamba gari limemgharimu jasho lote la biashara yake ya kununua dhahabu, lakini akikaa ndani anajisikia kama yuko benki anasubiri kuitwa. Zipora alipokubaliana naye tu, akakasirika. Wanaume ndivyo walivyo na magari yao. Kuyatukana ni ruhusa yao peke yao.

Zipora alikuwa fundi wa viti, vya magari na vya pikipiki. Alitoka Tinde akiwa msichana, akaolewa Geita, akaachwa Geita, akamlea Adam wake kwa sindano. Wateja walisema anakushona wewe kwanza, kiti baadaye. Lakini walirudi, maana kiti chake hakifumuki.

Gari lile alilielewa vizuri kuliko alivyotaka kuonyesha. Lilikuwa na sura ileile ya gari la marehemu Masalu, baba yake Enock, aliyelinunua zamani kwa mzungu mmoja wa almasi aliyekuwa anarudi kwao. Pua ndefu, rangi ya chungwa, mistari miwili myeusi mgongoni, na mngurumo uliotikisa madirisha ya Tinde nzima. Lile la zamani lilikatwakatwa likauzwa chuma chakavu. Hili jipya lilikuwa na kila kitu chake, hata mngurumo, ila Zipora aliposogeza sikio aligundua kwamba nusu ya mngurumo inatoka kwenye spika.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi nifanyeje?" Enock aliuliza, sauti imeshuka.

"Weka kitu chenu. Hapa ndani hakuna hata kitu kimoja kinachowajua ninyi."

Enock akaenda, akarudi baadaye na ngozi ya ng'ombe, nyekundu yenye baka jeupe, imelainishwa vizuri na manyoya yake yameachwa.

"Ng'ombe gani huyu?"

"Wa nyumbani, Tinde. Kafa kwa ukame."

Zipora akashona. Baka jeupe likaangukia kiti cha kushoto, kile cha abiria. Alipomaliza alikipigapiga kwa kiganja, na ingawa gari lilikuwa kivulini tangu asubuhi, ngozi ilikuwa na joto, joto la kiti alikonyanyuka mtu sasa hivi. Akafuta mkono kwenye kanga, akamwita mwenye gari achukue mali yake.

Wiki haikuisha, Enock akarudi. Alisimamisha gari mbele ya karakana, akatoka mbio, akaacha mlango wazi. Ndani kengele ilikuwa inalia, ile ya kumkumbusha abiria afunge mkanda.

"Imeanza nilipotoka hapa," Enock alisema. "Sina abiria, Mama Adam. Gari linasema ninaye."

"Waya umebanwa na sponji. Kelele za nini?"

Akafumua kiti. Waya haukubanwa. Akamwita Yasini, fundi umeme wa jirani, mtu asiyeamini chochote kisichopimika. Yasini akachomeka mashine yake, akaisoma, akaisoma tena, kisha akaanza kukunja nyaya zake taratibu.

"Kila kitu kizima. Linasema tu kuna mtu mzima amekaa."

"Wapi?"

"Usiniulize mimi, mama. Mimi ni fundi umeme."

Yote haya yalitokea saa sita mchana, barabara imejaa watu. Kufikia jioni, Kalangalala ilikuwa imeshatoa hukumu: Mama Adam anashonea watu majini kwenye viti. Kesho yake wateja wakaja kuchukua viti vyao, vingine havijashonwa hata upande mmoja. Zipora aliwajibu kwa maneno yatakayowauma mwaka mzima, lakini walipoondoka alikaa kwenye kigoda akaiangalia karakana tupu. Neno kama hilo likikaa Geita, hulitoi kwa sabuni. Jambo lisipomalizwa, atafunga mlango.

"Nieleze habari za huyo ng'ombe," alimwambia Enock alipomwita arudi. "Zote."

Enock akakuna shingo. "Alikuwa ng'ombe wa jina la baba."

Zipora akamtazama. Kwao Tinde kila mtoto anajua: mzee akifa, ng'ombe mmoja zizini hupewa jina lake, na mzee hutulia hapo.

"Hukuniambia!"

"Hukuuliza vizuri."

"Na mwingine mmempa jina?"

"Nilikuwa na haraka ya kiti."

"Ulitaka gari la pekee," Zipora alisema, akitafuta viatu vyake. "Haya, sasa ni la pekee. Yale mengine yote hayana baba yako. Twende Tinde kwa shangazi yako."

Walitoka asubuhi hiyohiyo, jua limeshapanda. Zipora alikaa nyuma. Kule mbele kushoto asingekaa hata kwa kushikiwa panga. Kengele ililia, ikalia, mpaka Enock akaanza kuomba Mungu kwa sauti. Mwishoni Zipora alinyoosha mkono, akauvuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaubana.

Kengele ikanyamaza.

Mkanda haukulegea kama unavyolegea kwenye kiti kitupu. Ulikaa umevimba kidogo, na ulikuwa ukipanda na kushuka.

Karibu na Bulyanhulu, kwenye vumbi la wachimbaji na bodaboda, Enock alisimama kununua maji. Mwanamke muuzaji akapitisha chupa mbili dirishani, kisha akainama akachungulia kushoto.

"Na mzee atakunywa nini?"

Enock aliondoa gari bila kungoja chenji.

Ndipo Zipora alipokitazama kiti sawasawa. Sponji lilikuwa limebonyea, tena upande mmoja zaidi ya mwingine. Masalu alikaa hivyo, amelalia upande, tangu alipoangushwa na fahali akavunjika nyonga. Na gari lake la zamani lilikuwa la Kimarekani, usukani kushoto. Mzee alikuwa amekaa mahali alipokaa siku zote.

"Enock," Zipora alisema polepole, "mimi nilihama Tinde kwa gari la baba yako. Cherehani yangu ilikaa kiti cha nyuma, kama mimi hivi leo. Akakataa nauli. Akasema, 'Utanishonea kiti, binti, hiki kinaniumiza nyonga.' Nikasema wiki ijayo."

"Ikawaje?"

"Wiki ijayo haikufika. Akafa ananidai."

Enock akakanyaga mafuta mpaka Tinde.

Martina, dada yake Masalu, alikuwa uani anaanika karanga. Hakumsalimia Enock, wala shikamoo ya Zipora hakuiitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto, akapiga goti, akaamkia kwa lugha ya kwao.

"Mwadila, kaka."

Kisha akasimama, akamgeukia Enock. "Ngozi ya baba yako unaikalia na jina hujalihamisha? Ulitaka akae wapi, kwenye mti? Ungempa ndama jina hilo siku ileile, hata viatu ungeshona, nani angekuuliza?"

"Nisamehe, shangazi."

"Usiniombe mimi. Nenda zizini."

Ndama akaletwa, mwekundu, anavuta kamba. Martina akakoroga unga wa mtama kwenye maji, akamnyunyizia mgongoni. Enock akalitamka jina la baba yake, sauti ikamkatika katikati, akarudia. Ndama akatulia, akamtazama kwa muda mrefu mno kwa mnyama.

Ndani ya gari mkanda ukafyatuka wenyewe. Sponji likapanda taratibu, likatoa pumzi, na kiti kikawa kiti.

Enock alikwenda akakigusa. "Kimepoa," alisema. Halafu, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Sasa limerudi kuwa kama benki."

"Basi pika chai humo, pawe nyumbani," Zipora alimjibu. Akamgeukia Martina, na ukali ukamwisha. "Shangazi, limebaki la kwangu. Mzee alinidai kiti. Nilimwahidi, sikumshonea."

Martina aliingiza mkono mlangoni, akaibonyeza ngozi, akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho.

"Ametoka Geita hadi hapa kwenye hiki?"

"Njia nzima. Mwanzoni alipiga kengele."

"Hiyo ilikuwa ya mkanda. Nyonga je? Mmesikia akilalamika nyonga?"

"Hapana."

"Kaka yangu namjua, asingenyamaza." Martina akaufunga mlango. "Amekikalia, kimemfaa. Hakudai tena, mwanangu. Njoo unisaidie karanga."